Daraja Alilotuahidi Bwana Stroud

Vado Hondo, New Mexico
Jumapili, 4 Februari

Kaka yangu mpenzi Eliseo,

Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na wifi yangu Rosaura, na watoto nawabusu ingawa hawanijui ila kwa picha. Natumaini kifua chako kimetulia na moshi wa kiwanda haukusumbui kama ulivyokusumbua mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Goti la mama linamuuma kila theluji inapoanguka, na theluji haijatuacha tangu Noeli, lakini bado anapasua kuni mwenyewe, na ukitaka kumpokea shoka anakwambia kashike chaki yako. Mjomba Cosme anakohoa, anavuta tumbaku, kisha anashangaa kwa nini anakohoa. Yule kondoo jike mwenye sikio moja amezaa mapacha, na wote wawili wamepona.

Barua yako tuliipata Alhamisi. Nilimsomea mama mara tatu. Umeandika kwamba umekwisha kumwarifu msimamizi wako kuwa mwisho wa mwezi huu unaacha kazi, kwamba mwenye nyumba amepata mpangaji mwingine, na kwamba Rosaura ameanza kufunga vyombo kwa magazeti. Umeandika kwamba unarudi nyumbani kwa kuwa daraja linajengwa. Mama alilia, halafu akacheka, halafu akachanganya chokaa akaanza kupaka kile chumba chako. Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya ukuta wa zizi mpaka vidole vikafa ganzi.

Tangu siku hiyo nimeianza barua hii mara nne. Kama maneno yangu yatakuchanganya, niwie radhi, maana mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, sijui tena lipi ni lipi. Nitakueleza tu mambo yalivyofuatana, pengine wewe uliye mbali utaona ninachoshindwa kukiona.

Don Procopio unamjua. Tangu enzi za baba, kila wakati wa uchaguzi husimama kwenye baraza la duka lake akatuambia safari hii daraja ni lazima, na jina la kutia alama ni hili hapa. Utakumbuka ule mwaka alioleta hata magogo, tukayapanga mafungu sisi watoto tukayachezea, na leo magogo hayo yanashikilia paa la banda lake la farasi. Bado tulikuwa tunampa kura. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, yeye ndiye anayechagua nani apate kibarua cha barabara, na yeye ndiye aliyenipa mimi kazi ya ualimu. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu wa chama kile kingine amekanyaga Vado Hondo.

Basi wiki ya pili ya Oktoba akaja Bwana Wendell Stroud, mgombea wa ugavana wa chama hicho, wakili kutoka mashariki kule kwenye ng'ombe wengi. Gari lake lilizama katikati ya kivuko cha mto. Mjomba Cosme alikwenda na nyumbu wake wawili akalivuta, huku akimwambia kwa Kihispania, lugha yetu, "Karibu, mheshimiwa, umeshaiona barabara yetu kuu." Bwana Stroud alitoka majini amelowa mpaka magotini, mrefu, mwembamba, masikio makubwa, anazungumza huku akitazama chini kama mtu aliyeangusha kitu. Alikuwa amekuja na mkalimani, kijana mmoja wa mjini mwenye viatu vinavyong'aa, lakini kijana yule alipoyaona maji alisema atamsubiri ng'ambo, akabaki huko. Kwa hiyo mgombea alifika kwetu bila ulimi.

Watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa shule, wengi wamekuja kumcheka. Alipouliza kwa ishara nani anajua Kiingereza, wanafunzi wangu wote walininyooshea vidole mimi. Akanisogelea akanisihi kwa upole niseme anayoyasema yeye, nisipunguze wala nisiongeze. Nikamwahidi.

Alianza na habari za malisho ya kondoo, akaja kwenye paa la shule. Nilitafsiri vizuri, na watu walikuwa wametulia kuliko nilivyotegemea. Ndipo Mjomba Cosme akapaza sauti kutoka nyuma, "Genoveva, muulize habari za daraja! Na umwambie ahadi tunazo nyingi, tumejaza ghala!" Watu wakaangua kicheko. Nikamtafsiria Bwana Stroud yote, mpaka lile neno la ghala. Yeye hakucheka. Aliugeukia mto akautazama kitambo, kisha akasema maneno yake polepole, na mimi nikayageuza. Nilipomaliza, bibi Eduvigen Tafoya akaja mbele akauchukua mkono wa mgombea akaubusu, na wanaume wakavua kofia, na mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wakafuata wote. Bwana Stroud alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Mama alikuwa amesimama penye uzio, ananitazama mimi, wala si yeye, kama kwamba daraja nimelitoa mimi mfukoni.

Siku ya kupiga kura Don Procopio alikaa mlangoni pa kituo tangu asubuhi, anamwita kila mtu kwa jina na kumuuliza hali ya watoto wake. Watu walimjibu kwa adabu, wakaingia ndani, wakatia alama upande mwingine. Tulikuwa wapiga kura mia moja na arobaini na tatu. Bwana Stroud alipata mia moja na ishirini na moja. Kesho yake Don Procopio aliingia darasani bila kubisha, akaniambia mbele ya watoto, "Mwalimu, naona ulimi wako umeota miguu."

Na habari haikubaki kwetu. Ile hadithi ya daraja iliteremka na mto mpaka La Cuchilla na Los Pachecos, kwa kuwa na wao wangevukia hapo hapo, na vijiji vyote viwili vilimpa kura zao. Gazeti lilipofika tulisoma kwamba Bwana Stroud ameshinda jimbo zima kwa kura mia tatu na themanini. Nilizijumlisha kura za vijiji vyetu vitatu ubaoni baada ya watoto kwenda zao, nikafuta, nikajumlisha tena. Zilizidi mia tatu na themanini. Nilikaa pale mbele ya ubao sijui nifurahi au nifanye nini.

Ni wiki hiyo ndipo mama aliponiita nimwandikie ile barua uliyoipata Novemba. Unakumbuka maneno yake: mwanangu, safari hii si Procopio, ni gavana mwenyewe amesema, nimemsikia kwa masikio yangu. Mkono ulioandika ni huu wangu. Niliyaandika yote kama alivyoyasema, nikabandika stempu, nikaipeleka posta.

Sasa nifike pale ninapopakimbia tangu mwanzo wa barua hii.

Kaka, Bwana Stroud hakuahidi daraja. Alipoutazama mto akanigeukia, alisema hivi, na ninayakumbuka neno kwa neno: "Waambie sitawaahidi daraja. Jimbo haliwezi kujenga daraja kwa ajili ya nyumba arobaini, na mtu yeyote atakayewaambia linaweza anawadanganya. Ninachoweza ni kuwaletea muuguzi mara moja kwa mwezi. Nasikitika." Alisema wazi, kwa Kiingereza chepesi, na nilimwelewa. Usije ukafikiri sikuelewa. Nimelitafuta sana hilo kosa la kutoelewa ili nijifiche nyuma yake, sikulipata.

Nilifungua kinywa niyaseme hayo. Na pale pale nikamwona marehemu dada yetu Adelina. Sikumwona kama mzimu, usiogope. Nilikumbuka tu ile siku ya Mei, tuko kwenye mkokoteni ukingoni, mimi nimemshika mkono, maji ya theluji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya miti, na daktari yule amesimama ng'ambo na mkoba wake, tunamwona hata rangi ya tai yake. Wewe unampigia kelele, naye anapiga kelele kutuelekeza la kufanya, na mto unayameza maneno yake yote. Kutoka asubuhi mpaka alasiri. Wewe ulikuwa umeyaelekea maji, kaka, hukuuona uso wake. Mimi niliuona.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Anasema atatujengea daraja." Na nilipokwisha kuanza sikuweza kusimama. Nilisema litakuwa na nguzo za mawe. Nilisema malori mawili yatapishana juu yake. Nilisema kabla ya mafuriko ya pili kupita tutalivuka. Nililijenga lote, kaka, kwa dakika mbili, mbele ya mama.

Hilo ndilo daraja unalolirudia.

Ningeweza kuishia hapa, nikaomba msamaha wako, na jambo lingekuwa angalau limenyooka. Lakini halikunyooka. Wiki moja kabla ya Noeli Bwana Stroud alirudi kuwashukuru watu. Nilisikia anakuja, nikashuka peke yangu mpaka kivukoni nimwahi kabla hajafika shuleni. Maji yalikuwa haba, akavuka vizuri. Nikamsimamisha, nikamwambia yote kwa Kiingereza, kwa haraka, nikimwomba asiwalaumu watu wakimdai asilolisema. Alivua kofia akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa lugha yetu. Lugha yetu, Eliseo, taratibu, kwa lafudhi ya wachungaji wa mashariki.

Alisema, "Najua, Mwalimu."

Mpishi wa nyumbani kwao alikuwa mtu wa kwetu, na yeye Bwana Stroud alikua akicheza na watoto wa mpishi huyo. Alisema, "Mimi nilitaja daraja mara moja, ili nilikatae. Wewe ulilitaja mara kumi na moja. Nilihesabu." Nilimuuliza basi mkalimani wa nini. Akasema mtu anayezungumza kupitia kwa mwingine hupata nafasi ya kufikiri. Nikamuuliza mbona hakunikanusha. Alisema alikwisha kuinua mkono anizuie, halafu akaziona nyuso za watu, akaushusha. Alisema pia alizihitaji kura, na kwamba hataniambia uongo kuhusu hilo. Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeshinda miezi miwili nikijiona mwovu kwa kumsingizia mtu mkweli, kumbe mkweli mwenyewe alisimama pembeni yangu anahesabu.

Nilimuuliza sasa daraja lipo au halipo. Akasema ataangalia. Nikamwambia kuangalia si jibu. Akasema, "Ni kweli, si jibu," akavaa kofia, tukapanda pamoja kwenda shuleni kama watu waliokutana njiani.

Pale shuleni alizungumza Kiingereza, nami nikasimama kando yake kama kwanza. Watu wakaita daraja, daraja. Alisema sentensi moja. Safari hii niliitafsiri kama ilivyo, bila kuongeza hata pumzi. Nilisema, "Anasema hajasahau." Walipiga makofi kama tayari wanasikia nyundo. Sasa niambie, kaka, wewe uliyekuwa ukinisahihisha hesabu zangu, hapo nani alimdanganya nani? Maneno yote yalikuwa ya kweli.

Na bado. Katikati ya Januari walikuja wanaume wawili kwa pikapu ya serikali, wana darubini ya miguu mitatu na kamba ya kupimia. Walipima ukingo wa huku na wa kule siku mbili nzima, wakapigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu, wakala mchuzi wa mahindi, posole, kwa mama, wakaondoka. Niliwauliza wanapima nini. Mkubwa wao alisema wameagizwa wapime, hawakuambiwa ni kwa ajili gani. Mjomba Cosme anaapa ni daraja. Don Procopio kwanza alisema wanapima maji wayapeleke kwa wakulima wa kusini, lakini tangu juzi anawaambia watu dukani kwamba daraja lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Kijiji kizima kinamshukuru Bwana Stroud kwa jambo ambalo hakuliahidi. Mimi kila asubuhi napita kwenye vigingi vile nikienda shule na sijui nivitazame vipi. Kama daraja likija, je, lilikuwa uongo? Na kama halitakuja, ni nani nimemwibia, na nimemwibia nini? Nalala nikiwa na jibu, naamka nikiwa na lingine.

Jumapili ijayo padri anakuja kusoma misa. Nimeazimia baada ya misa nisimame niwaambie watu nilichokifanya. Siku ile kivukoni Bwana Stroud aliniomba nisiseme, lakini sikumwahidi. Ahadi niliyowahi kumpa ni moja tu nami niliivunja hapo hapo uwanjani. Huenda Don Procopio akanipokonya shule, naye atakuwa na sababu nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Huenda watu wasiniamini kabisa. Hilo ndilo ninaloliogopa zaidi.

Lakini wewe huwezi kungoja Jumapili. Nenda kwa msimamizi wako siku hiyo hiyo utakayoipata barua hii, umwombe aendelee kukushika kazini. Mwambie Rosaura asimame kidogo na vyombo. Ukiamua kuja hata hivyo, chumba chako kinapakwa, kitanda kipo, na mwezi wa tano mto utajaa kama unavyoujua. Sikwambii uje, sikwambii usije. Nilikwisha kuwasemea watu wazima mara moja.

Leo asubuhi nilimweleza mama yote. Alikuwa juu ya kigoda anapaka ukuta wako. Alisikiliza bila kugeuka, brashi inakwenda, inarudi. Nilipomaliza aliuliza tu, "Kwa hiyo ukuta huu niuache nusu?" akaendelea kupaka. Nilimsubiri anikemee, nikachoka kusubiri. Baadaye alipoona nimeketi na kalamu alikuja akasimama nyuma yangu, mikono myeupe mpaka viwikoni, akaniambia nikuandikie kwamba daraja linakuja. Nikamwambia mama, siwezi kuandika hivyo, ndicho ninachokueleza tangu asubuhi. Akaniambia, "Yule gavana Mgringo ulimsemea asilolisema, na mimi mama yako unanikatalia ninalolisema?"

Kama wewe una jibu la kumpa, kaka, nitumie.

Mjomba Cosme anakusalimu na anaulizia ile tumbaku ya huko kwenu Pueblo. Bibi Eduvigen anakusalimu. Wapwa zangu waambie shangazi yao ana wanakondoo wawili ambao bado hawana majina. Rosaura namshika mikono miwili, na namwomba asinichukie kabla hatujaonana. Wewe nakuomba msamaha, wa Novemba na wa Oktoba, ukinipa mmoja nitaupokea, ukininyima yote nitaelewa.

Na mama anasema: mwanangu, daraja linakuja, na wewe uje. Hayo ni maneno yake. Sikuongeza wala sikupunguza.

Dada yako akupendaye,
Genoveva